Ngazi za Kanisa Kuu na Haki ya Mgonjwa

Tarehe 10 Desemba 1998, Siku ya Haki za Binadamu, watu wapatao 15 walikusanyika kwenye ngazi za Kanisa Kuu la Mtakatifu George mjini Cape Town, Afrika Kusini. Waliwaomba wapita njia watie saini ombi moja: serikali iandae mpango wa kuwatibu watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Siku ilipoisha walikuwa na saini zaidi ya 1,000. Ndivyo ilivyozaliwa asasi ya kiraia iitwayo Treatment Action Campaign, kwa kifupi TAC, maana yake kampeni ya kudai tiba.

Mahali pale palikuwa na historia. Mwaka 1989 Askofu Mkuu Desmond Tutu na viongozi wengine walianzia katika kanisa hilo maandamano ya maelfu ya watu kupinga ubaguzi wa rangi. Miaka 9 baadaye ubaguzi wa sheria ulikuwa umekwisha, lakini kifo kilikuwa bado kinabagua.

Maana dawa zilikuwepo. Tangu mwaka 1996 madaktari walijua kwamba dawa tatu zikitumiwa pamoja huufanya UKIMWI kuwa ugonjwa wa kudumu, ambao mtu huishi nao miaka mingi kama anavyoishi na kisukari au presha. Tatizo lilikuwa bei. Mgonjwa mmoja alihitaji zaidi ya dola 10,000 za Kimarekani kwa mwaka. Katika nchi tajiri wagonjwa waliinuka vitandani wakarudi kazini, na huku Afrika tukaendelea kuzika.

Washarika wenzangu, tuseme kweli juu yetu wenyewe. Kanisa lilitembelea wagonjwa, likalea yatima, likazika kwa heshima. Lakini katika mimbari nyingi ilihubiriwa pia kwamba ugonjwa huu ni adhabu, na maneno hayo yalifunga vinywa vya waliohitaji msaada. Mwezi ule ule wa Desemba 1998, karibu na Durban, mwanamke aitwaye Gugu Dlamini aliuawa kwa kupigwa baada ya kusema hadharani kwamba ana virusi. Wanachama wa TAC waliitikia kwa kuvaa fulana zenye maandishi makubwa kwamba aliyeivaa ana VVU. Walizivaa wenye virusi na wasio navyo, hata mtazamaji asiweze kumtenga yeyote. Kiongozi wao, Zackie Achmat, alilelewa katika familia ya Kiislamu, lakini somo la kubebeana mizigo tunalijua sisi tangu Shule ya Jumapili.

Kudai kwao kulipitia milango miwili. Wa kwanza ulikuwa wa kampuni za dawa. Kampuni 39 zilikuwa zimeishtaki serikali ya Afrika Kusini kwa sababu ya sheria ya mwaka 1997 iliyoruhusu njia za kupata dawa kwa bei nafuu. TAC iliomba kusikilizwa mahakamani ikiwa upande wa serikali, ikaleta habari za wagonjwa wenyewe. Vyama vya wafanyakazi, madaktari na watu wa makanisa wakaungana nayo. Tarehe 19 Aprili 2001 kampuni ziliiondoa kesi. Mwaka huo huo mtengenezaji mmoja wa India alitangaza kuuza dawa zile tatu kwa dola 350 kwa mwaka.

Mlango wa pili ulikuwa mgumu zaidi, kwa kuwa ulikuwa wa serikali ile ile waliyoitetea. Dawa ya nevirapine, dozi moja kwa mama wakati wa uchungu na moja kwa mtoto, ingeokoa watoto wengi, na mtengenezaji alikuwa ameahidi kuitoa bure kwa miaka 5. Hata hivyo serikali iliiruhusu katika vituo viwili tu kwa kila jimbo. TAC ikaenda tena mahakamani. Tarehe 5 Julai 2002 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba vizuizi hivyo viondolewe. Achmat mwenyewe alikuwa mgonjwa na alikataa kumeza dawa hadi watu maskini nao wazipate katika hospitali za umma. Nelson Mandela alimtembelea nyumbani kumsihi azitumie. Mwaka 2004 hospitali za umma zilianza kutoa tiba hiyo. Kuchelewa kulikuwa na gharama: watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walikadiria kwamba zaidi ya watu 330,000 walipoteza maisha kati ya mwaka 2000 na 2005. Leo Afrika Kusini inawatibu watu zaidi ya milioni 5.

Nguvu yao ilitoka wapi? Walifundishana. Mama asiye na elimu kubwa alijifunza jina la kila kidonge, kazi yake na bei yake, kisha akamfundisha jirani. Walipofika mbele ya waziri au jaji, walijua wanachokidai.

Bwana Yesu alisimulia habari za mjane aliyemwendea kadhi mara kwa mara mpaka akapewa haki yake. Tumezoea kulisoma fungu hilo kama somo la maombi, na ni kweli. Lakini mjane yule alikuwa pia amesimama mbele ya ofisi ya mtu mwenye mamlaka.

Mwaka 2011 viongozi wa dunia walikutana Umoja wa Mataifa kuzungumzia kisukari, saratani, magonjwa ya moyo na ya mfumo wa hewa. Wagunduzi wa insulini waliiuza hataza yao mwaka 1923 kwa dola moja moja, ili dawa isiwe mali ya wachache. Zaidi ya miaka 100 imepita, na katika sharika zetu bado yuko mzee anayemeza kidonge cha presha leo na kuruka kesho ili kisiishe upesi. Tunamwombea kila Jumapili, na tuendelee kumwombea. Kisha Jumatatu twende naye zahanati, tuulize dawa ziko wapi, nani anaziagiza na kwa nini zimeisha. Tukijibiwa vibaya, turudi tena, kama mjane.