Kinywe cha majivu ya makaa ya mawe

Kinywe cha majivu ya makaa ya mawe ni grafiti sanisi inayotengenezwa kwa kaboni iliyobaki ndani ya majivu ya mitambo ya kufua umeme. Kaboni hiyo hutenganishwa na majivu, husafishwa, kisha hupashwa joto linalozidi nyuzi 2,000 za Selsiasi mpaka atomi zake zijipange tabaka juu ya tabaka. Jina kinywe ndilo linalotumika Tanzania kwa grafiti inayochimbwa ardhini, kama ile ya Mahenge mkoani Morogoro.

Asili ya kaboni

Katika mtambo wa umeme, makaa husagwa yakawa unga na kupulizwa tanurini, ambamo huungua kwa sekunde chache tu. Baadhi ya chembe hutoka na moshi kabla hazijaisha kuungua, zikanaswa pamoja na majivu mepesi. Chini ya hadubini tofauti yake huonekana wazi: madini yaliyoyeyuka na kupoa ni vigololi laini vya kioo, ilhali kaboni ni punje nyeusi, zisizo na umbo maalumu, zilizojaa matundu kama sifongo.

Matundu hayo ndiyo yanayowasumbua wajenzi. Majivu mepesi hufaa kuchukua nafasi ya sehemu ya saruji katika zege, lakini kaboni hunyonya kemikali zinazotiwa ili kuacha viputo vya hewa vinavyoikinga zege isipasuke maji yanapoganda ndani yake. Kiwango cha Marekani cha ASTM C618 hutaka majivu yasipoteze zaidi ya asilimia 6 ya uzito yanapochomwa upya. Marekebisho ya sheria ya hewa safi ya nchi hiyo ya mwaka 1990 yalileta vichomeo vinavyopunguza oksidi za nitrojeni, na kwa kuwa moto wake ni mpole zaidi, kaboni isiyoungua iliongezeka.

Kutenganisha na kusafisha

Njia kuu ni mbili. Ya kwanza hutumia umemetuli: chembe zikisuguana, kaboni hupata chaji chanya na madini chaji hasi, kisha kila moja huvutwa upande wake. Ya pili ni ya povu: majivu hukorogwa majini pamoja na mafuta kama ya taa, mafuta yanashika kaboni, nayo hupanda juu na mapovu huku madini yakizama. Majivu yaliyokaa miaka mingi bwawani ni magumu zaidi kwa njia hii, kwa sababu uso wa kaboni huwa umeshaoksidika na haushiki mafuta vizuri. Mabaki ya silika na alumina yaliyong'ang'ania huweza kuondolewa kwa tindikali.

Kugeuza kaboni kuwa kinywe

Si kila kaboni hukubali kugeuka. Mwaka 1951 Rosalind Franklin alionyesha kwamba kaboni zinagawanyika makundi mawili: zinazojipanga kuwa grafiti zikipata joto la kutosha, na zinazobaki na mpangilio wa vurugu hata kwenye nyuzi 3,000. Kwa hiyo aina ya makaa yaliyochomwa ina uzito mkubwa katika matokeo.

Hapa majivu yana faida isiyotarajiwa. Silikoni na chuma vilivyosalia husaidia mageuzi: silikoni huungana na kaboni kuwa kabidi, kabidi hiyo huvunjika joto likizidi, silikoni ikatoka kama mvuke na kuacha kinywe nyuma. Edward Acheson aligundua jambo hilohilo katika miaka ya 1890 alipozidisha joto la tanuri lake la kabidi ya silikoni. Watafiti wa taasisi ya kaboni ya INCAR, mjini Oviedo, Hispania, walipasha kaboni ya majivu hadi takribani nyuzi 2,700, wakapata kinywe walichokijaribu katika betri za lithiamu.

Matumizi na vikwazo

Ndani ya betri, atomi 6 za kaboni hubeba ioni moja ya lithiamu, na uwezo wa juu wa kinywe kinadharia ni miliampea-saa 372 kwa gramu. Kwa kawaida kinywe sanisi hutokana na koki ya mafuta ya petroli na lami ya makaa.

Gharama kubwa ni umeme wa tanuri. Umeme huo ukitokana na makaa, kazi yote huzaa majivu mengine. Tindikali nazo hudai uangalifu, hasa ya haidrofloriki, ambayo hupenya ngozi na kudhuru mpaka mifupa.

Hata hivyo, kuyaacha majivu yalipo si salama. Tarehe 22 Desemba 2008 kingo za bwawa la majivu huko Kingston, Tennessee, zilibomoka, na tope la zaidi ya mita za ujazo milioni 4 likafunika ardhi na mto. Kuitoa kaboni kunaleta faida mbili kwa mkupuo: majivu yanayobaki hufaa kwa zege, na punje nyeusi iliyokuwa ikiyaharibu hupata kazi.