Kivuli cha Kupakwa

Askari wa milimita 28, kimo cha sanamu nyingi za michezo ya vita ya mezani, ana mikunjo katika joho lake, ila mikunjo yenyewe ni midogo mno kuzaa kivuli cha kuonekana. Basi mchoraji humpaka kivuli. Akishaweka rangi ya msingi, humpitishia rangi ya giza iliyozimuliwa, ijikusanye mabondeni; kisha hurudisha ile ya msingi palipoinuka, na juu yake rangi ya mwanga zaidi, kila tabaka jembamba, likizidi kubana eneo. Anayeanza hufundishwa pia brashi kavu: rangi hufutwa kwenye kitambaa hadi ikaribie kuisha, ndipo brashi ipitishwe juujuu ya manyoya au minyororo. Ni mbinu ya haraka, lakini usoni huacha vumbivumbi.

Huko Seville, Hispania, katika karne ya 17 shida ilikuwa kinyume. Sanamu za mbao za Juan Martínez Montañés zilikaribia kimo cha mtu, na mwanga ulizitosha. Francisco Pacheco, aliyempaka rangi Kristo wa Rehema wa Montañés, alipendelea ngozi isiyong'aa, kwa kuwa mng'ao huzusha mwanga mahali ambapo mchongaji hakuukusudia. Kwa hofu hiyohiyo mchoraji wa leo humalizia kwa vanishi isiyong'aa. Hata hivyo, Pacheco alikuwa akiitumikia patasi. Huyu wa leo anaisahihisha taa.

Wengi wangetafuta nasaba ya mbinu hii ya kupaka kivuli Italia, kwa mchoraji Cennino Cennini na vibakuli vyake vitatu vya rangi ya joho: ya giza, ya kati na ya mwanga. Mimi naiona imekaribia zaidi ikoni za Kigiriki. Katika mwongozo wa Dionysius wa Fourna, mtawa wa karne ya 18, uso huanza na rangi ya giza, na rangi ya ngozi hupandishwa juu yake hatua kwa hatua, sawa na mchoraji anayeanza na sanamu iliyopakwa nyeusi kwanza. Tofauti iko kwenye chanzo. Wachoraji wa sanamu ndogo hupulizia nyeupe kutoka juu ili wajue jua litaangukia wapi. Mwanga wa ikoni hauna jua wala saa.

Wachoraji wa vitabu wa Herat, enzi za mchoraji Behzad, waliachana na kivuli kabisa: usiku hutambulika kwa mshumaa au mwezi, huku nguo zikibaki na rangi safi ya adhuhuri. Kitabu hushikwa karibu na jicho, na rangi safi hujitosheleza. Jeshi la mezani hutazamwa kutoka upande wa pili wa meza, na kwa umbali huo askari asiye na kivuli ni doa tu.