Kadiri ya Plastiki Tuimezayo

Mwaka 2016 watafiti waliochunguza samaki wa Ziwa Victoria walitangaza kwamba, katika sangara 20 na sato 20 walionunuliwa Mwanza, mmoja katika kila watano wa kila jinsi alikutwa na chembe za plastiki tumboni, zikathibitishwa kwa mionzi ya infraredi kuwa ni plastiki hasa. Hofu iliyozuka baada ya habari hiyo mimi siidharau. Lakini mpishi wa sangara hutoa matumbo akayatupa kabla samaki hajafika chunguni, ilhali dagaa wa ziwa lile lile huliwa mzima, kichwa na matumbo yake, na mtoto anayeanza kula huongezewa unga wa dagaa katika uji. Kwa hiyo mwenye kutaka kujua madhara yampatayo mlaji hana budi aanzie kwenye sinia ya mlaji.

Kwamba twaimeza plastiki hakuna tena shaka. Mwaka 2019 watafiti wa Vienna walichunguza kinyesi cha watu 8 wa Ulaya na Japani, na wote wakakutwa nayo. Mwaka 2022, huko Uholanzi, ilionekana katika damu ya watu 17 kati ya 22. Kazi iliyotikisa matabibu zaidi ni ile ya Italia ya mwaka 2024, iliyowafuatia kwa muda wa karibu miaka 3 wagonjwa 257 waliopasuliwa mishipa ya shingo iliyozibwa na mafuta: wale 150 ambao plastiki ya poliethilini ilionekana katika mafuta hayo walikuwa na hatari ya mshtuko wa moyo, kiharusi au mauti mara 4.5 hivi kuliko wenzao. Hata hivyo mambo mawili kufuatana si burhani ya kwamba moja limelizaa la pili, na waandishi wenyewe, kwa uaminifu wa kupigiwa mfano, walilikiri hilo.

Uzito wa mas'ala yote umo katika kadiri. Mwaka 2019 ilienea duniani hesabu ya kwamba mtu huenda akameza hadi gramu 5 kila juma, uzito wa kadi ya benki. Mwaka 2021 watafiti wa Wageningen wakahesabu kwa njia nyingine, wakapata kwa mtu mzima nanogramu 583 kwa siku, yaani takriban mikrogramu 4 kwa juma. Tofauti yapita mara milioni moja! Ni tabibu gani atakayeihukumu sumu ambayo wapimaji wake wamehitilafiana kiasi hicho? Sababu za hitilafu zajulikana: aghalabu chembe huhesabiwa kwa idadi, kisha uzito wake ukakisiwa, na kipande kimoja kikubwa chaweza kuzidi maelfu ya vidogo, nyuzi za nguo ya mtafiti mwenyewe huangukia chomboni, na mafuta ya mwili, yakichomwa ili mvuke wake upimwe, hufanana na poliethilini. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba chembe zinazozidi maikromita 150 yamkini hupita tumboni zikatoka bila kufyonzwa. Basi zile ziwezazo kupenya ukuta wa utumbo ndizo hizo ndogo mno, ambazo vyombo vyetu huzikosa upesi kuliko zote. Na panya wa maabara hulishwa mara nyingi viduara laini vya polistirini, kwa wingi usio wa kawaida, hali sisi twameza vigae vyenye ncha na nyuzi za nyavu.

Ndiyo maana naona utafiti wetu uanze kwa dagaa, na uwafuate dagaa wa mvuo mmoja toka mtumbwini mpaka chunguni: wapimwe wangali wabichi, wapimwe baada ya kuanikwa juu ya nyavu kuukuu, wapimwe tena baada ya kukaa katika mifuko ya salfeti sokoni Mwaloni huko Mwanza, na katika kila hatua pawekwe chombo kitupu cha kioo cha kushuhudia vumbi la mahali hapo, naye mtafiti avae pamba. Bila mpangilio huo twaweza kumtisha mama akamnyima mwanawe kitoweo cha bei nafuu chenye protini, chuma na kalisi, kwa khofu ya kitu ambacho huenda hakikutoka ziwani asilani. Maana ikibainika kwamba plastiki yaingia pale waanikwapo, dawa yake ni kubadili chanja, na uji wa mtoto utabaki na dagaa wake.