Kabla ya kuuza gari la mzee kwa kilo

Familia zinazorudi kijijini baada ya vita mara nyingine hukuta gari la mzee lingali uani, limekaa juu ya mawe bila magurudumu. Halafu mnunuzi wa vyuma chakavu anafika na mizani yake, na aluminiamu inaenda kuyeyushwa iwe sufuria. Hatumlaumu mtu anayetafuta chakula cha leo. Lakini tuulize kwanza gari hilo lilizaliwaje, kwa sababu historia yake ndiyo inaonyesha kama linaweza kufufuliwa.

Peugeot 404 ilitoka Ufaransa mwaka 1960, ikapata jina kubwa kwa kushinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Ile ya 1963 ilikuwa ya matope kweli: magari 84 yalianza, 7 tu yakamaliza. Ila 404 ya abiria haina shasi ya peke yake. Sakafu, nguzo na bati ni mwili mmoja, kwa hiyo kutu ikila sakafu, imekula mifupa. Wazee wanaipenda, hata mimi naipenda, lakini fundi atachomelea mpaka pesa iishe.

Volkswagen, ile ya mgongo wa kobe, ina motere nyuma inayopozwa na hewa, haihitaji maji. Mexico iliitengeneza hadi Julai 2003, na duniani zilitoka zaidi ya milioni 21. Ndiyo maana vipuri vyake bado vinapatikana.

Land Rover ndiyo yenye hadithi ndefu. Kampuni ya Rover iliionyesha watu kule Amsterdam, Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kikigawanywa kwa kipimo cha serikali, lakini aluminiamu ilipatikana. Basi bati la nje likatengenezwa kwa mchanganyiko wa aluminiamu, likapakwa rangi ya kijani iliyobaki kwenye ndege za vita. Chini wakaweka shasi ya chuma. Uhaba ule ndio unatufaa leo: bati halioti kutu kama chuma, sehemu nyingi zimefungwa kwa buloni, na shasi ikioza unafungua mwili wote, unauweka juu ya nyingine.

Jihadhari na jambo moja. Miaka ya 1950 kiwanda cha Minerva cha Antwerpen kiliunda Land Rover kwa ajili ya jeshi la Ubelgiji, na bati lake lilikuwa la chuma. Toa sumaku kwenye spika ya redio iliyokufa, iweke kwenye bati juu ya gurudumu la mbele. Isiponasa, hiyo ni aluminiamu.

Kisha lala chini, gonga shasi kwa nyundo ndogo, zaidi sehemu ya nyuma ambako tope hukaa. Shasi hiyo ni kama bomba la pembe nne, huoza kutoka ndani. Nyundo ikizama, achana na rangi nzuri ya juu. Motere isiyowaka isikuogopeshe, nyingine itatafutwa.

Mwisho, soma nambari iliyogongwa kwenye shasi, uilinganishe na ile ya karte roze. Zikifanana, weka karatasi hiyo pamoja na vyeti vya watoto, kwenye mfuko unaoubeba mkikimbia. Bila hiyo, hata gari lililofufuka litazuiwa kwenye kizuizi cha kwanza.