Ndiva: Maji ya Usiku Katika Milima ya Upare

Mji wa Same haukujengwa juu ya maji. Umekaa upande mkavu wa Milima ya Upare, ambako mvua ya mwaka mzima mara nyingi haifiki milimita 600, na ulikua kwa sababu ya reli ya kutoka Tanga iliyofika Moshi mwaka 1911. Anayetafuta historia ya maji ya wilaya ya Same hana budi kupanda mlima: Vudee, Mbaga, Gonja, Chome, hadi chini ya kilele cha Shengena chenye mita 2,462. Huko ndiko iliko ndiva, taasisi iliyo kongwe kuliko mji wenyewe.

Ndiva ni bwawa dogo lililochimbwa mlimani, kingo zake za udongo na mawe, likilishwa na mfereji ambao Wapare huuita mfongo. Vijito vingi vya Upare ni vyembamba. Kimoja kikielekezwa moja kwa moja shambani, maji hunywewa na udongo njiani na wa bondeni habakiziwi kitu. Lakini kijito hakilali, na usiku watu hawamwagilii. Kwa hiyo jioni tundu la ndiva huzibwa, maji hukusanyika hadi alfajiri, kisha huachiwa kwa mkupuo, nayo hupata nguvu ya kufika mashamba ya mbali.

Mwenye zamu huyafuata yakishuka, jembe begani. Kwenye kila njia panda ya mfongo huziba michirizi ya majirani kwa tope, mawe na vipande vya mgomba, halafu hubomoa ukingo mbele ya shamba lake na kuyaongoza kwenye mahindi na maharage. Anazibua na kuziba huku akiharakisha, maana muda wake ukiisha mwenzake yuko tayari kuyageuza.

Oscar Baumann, mpelelezi kutoka Austria, alipozunguka Upare mwaka 1890 alikuta kilimo cha umwagiliaji kimeshamiri, na hakukuwa na mhandisi wa serikali yoyote. Mifongo ilikuwa mali ya koo. Ukoo uliochimba ndio uliogawa maji, na wengine waliyapata kwa kuomba, kwa undugu wa ndoa, au kwa kutoa jasho lao. Kazi ya kuzoa tope na kuziba nyufa ilifanywa kwa msaragambo, kila kaya ikitoa mtu. Asiyetokea alitozwa faini, na aliyekaidi alikosa zamu. Hapo ndipo ilipokuwa nguvu ya taasisi hii, kwa sababu hata mwenye shamba kubwa hangeweza kulisafisha bwawa peke yake.

Imani nazo zilikuwa walinzi wa maji. Mahali mfongo unapoanzia, penye banio, palikuwa na miiko: wanawake walizuiwa kufika, na wazee wa ukoo mwanzilishi walipeleka pombe na kafara kwa wahenga ili maji yasikatike. Mwanaanthropolojia Michael Sheridan, aliyefanya utafiti Upare Kaskazini, aliandika mwaka 2002 kwamba wenyeji walilifananisha banio na tumbo la uzazi, mahali ambapo uhai hutungwa na vurugu ndogo huweza kuuharibu. Kwa jicho la leo mwiko huo uliwanyima wanawake sauti juu ya maji waliyoyahitaji kuliko yeyote. Hata hivyo uliweka vyanzo mbali na mikanyago, sawa na misitu ya matambiko iliyoachwa bila kukatwa. Huko Mbaga, Upare Kusini, ukoo wa Wambaga ulijulikana kwa uganga wa mvua, na watu wa mbali walipeleka zawadi ili mawingu yasiwapite.

Watani husema Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Labda utani huo unawaonea, lakini watu walioishi karne kadhaa wakibishana saa ya kufungua bwawa lazima wajue kudai haki. Utawala wa Waingereza uliionja tabia hiyo mwaka 1945, maelfu ya Wapare waliposhuka Same kuipinga kodi iliyoitwa mbiru, na miaka michache baadaye kodi hiyo ikafutwa.

Baada ya uhuru, ukoo ulipata mshindani mkubwa zaidi. Sheria ya maji ya mwaka 1974 iliyaweka maji yote mikononi mwa umma, na ile ya mwaka 2009 ikaendeleza utaratibu wa vibali na vyama vya watumia maji. Bonde la Pangani, ambamo Same imo, lilikuwa limepata ofisi yake ya maji tangu 1991. Wajukuu wa wachimbaji wa mfongo wakaambiwa waombe kibali cha kutumia maji ya babu yao. Wakati huohuo miradi ilileta saruji. Kingo zilijengewa, vizibo vya majani vikapisha vali za chuma, na kamati za kuchaguliwa zikaanza kupanga zamu. Bwawa la Manoo, kijijini Bangalala, ni miongoni mwa yaliyokarabatiwa na kuwavutia watafiti wengi.

Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe, unaochota kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu. Bwawa hilo hujazwa na mito ya Kikuletwa na Ruvu, inayobeba zaidi maji ya Meru na Kilimanjaro. Mabomba ya mradi huo yanahudumia majumba ya mjini na vijiji vya njiani. Mahindi ya Bangalala bado yanategemea vijito vya Upare, na zamu zake hupangwa na kamati ya ndiva.