Sikio la Nyambizi

Songea hatuna bahari, lakini historia ya vita vya majini tunayo. Agosti 1914, pale Liuli, Ziwa Nyasa, wakati huo Sphinxhaven, meli ya Waingereza Guendolen iliishambulia Hermann von Wissmann ya Wajerumani, iliyokuwa nchi kavu ikitengenezwa. Nahodha wake alikuwa hajasikia kwamba vita vimeanza. Kutosikia kulimponza, bwana!

Ndiyo maana nabishana na washikaji tukicheza Silent Hunter III, gemu la nyambizi la mwaka 2005. Wao wanataka muziki juu ili gemu linoge. Mimi nasema ushushwe. Nyambizi iliyozama kabisa haina macho. Katika Vita Kuu ya Pili baharia alivaa hedifoni akasikiliza rafadha za mbali: ya polepole ni meli ya mizigo, ya mbiombio ni manowari inayowawinda. Muziki ukiifunika sauti hiyo, tumebakiwa na sinema tu, vita hatuvijui.

Basi vijana wenzangu, rafadha kwanza, injini yetu nyuma yake, muziki chini. Adui akiwa juu ya vichwa, uzimeni kabisa. Mabaharia wenyewe walinong'ona ili wapone.