Makuli wa Bandari na Mafunzo ya Shida



Wazee husema ya kwamba shida humfunza mtu. Neno hilo ni kweli, lakini si kweli yote, maana twajua watu wengi ambao shida imewavunja. Jioni ya leo nataka tulipime kwa habari za makuli wa Dar es Salaam.

Asimamaye Kurasini, upande wa Temeke, huyaona maji ya bandari. Zamani, kabla gati za maji marefu hazijafunguliwa mwaka 1956, meli kubwa zilitia nanga ndani ya bandari, na shehena ikaletwa pwani kwa matishari. Kibarua hakuwa na kazi ya hakika. Meli ikija, huenda akachaguliwa akapata ujira wa siku. Isipokuja, alirudi kwake mikono mitupu. Kila aliyesimama naye langoni alikuwa mshindani wake, kwa kuwa nafasi ya mmoja ilikuwa njaa ya mwingine.

Mwezi wa Julai, 1939, vibarua hao waligoma wakidai nyongeza. Walikuwa peke yao, wakashindwa. Kisha vita vikaja, bei za nguo na chakula zikapanda. Agosti 1943 waligoma tena, na safari hii vibarua na wenye kazi ya kudumu walisimama pamoja. Baadhi yao walikamatwa, lakini shauri lao likasikilizwa na baraza la usuluhishi. Septemba 1947 wakagoma mara ya tatu. Mgomo ukafuata njia ya reli mpaka bara, na mwisho wake mishahara ikaongezwa. Ndipo wakaunda chama chao.

Njaa ya 1947 haikuwa tamu kuliko ile ya 1939. Kilichogeuka ni watu wenyewe. Fikirini mtu mwenye watoto nyumbani, asikiaye honi ya meli, naye haendi, kwa sababu amewekeana ahadi na mwenziwe ambaye jana aligombea naye kazi. Hiyo ndiyo nguvu ya moyo.

Hata hivyo, Februari 1950 mgomo mwingine uligeuka kuwa mapigano na polisi, na mwaka uo huo chama kikavunjwa. Yaliyojengwa kwa miaka mingi yakabomoka kwa muda mchache.

Ajuaye kazi ya mfinyanzi atafahamu maana yake. Moto ni mmoja, lakini chungu hiki hutoka kigumu, na kile hupasuka. Tofauti yao hutokana na udongo ulivyokandwa kabla ya kutiwa motoni. Basi tusiisifu shida kwa ajili yake yenyewe. Tukandane mapema kwa shauri, kwa subira na kwa kutimiza ahadi, ili siku ya moto itukute tu tayari.